Haidrojeli, aljinati, kiunzi cha kolajeni au ngozi ya samaki: kipi kifunike kidonda kipi?

Kidonda kinapokaa wiki kadhaa bila kufunga, swali huwa lile lile, awe anayeuliza ni muuguzi wa kituo cha afya cha ngazi ya III huko Nakasongola, daktari wa upasuaji mjini Mbarara, au binti anayemuuguza mama yake mwenye kisukari nyumbani Kawempe: tukifunike na nini? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa shashi kavu, na kidonda kikikauka kikatoa kigaga watu waliridhika. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majaribio aliyoyafanya kwenye ngozi ya nguruwe, kwamba jeraha la juujuu lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi mpya kwa takriban nusu ya muda unaochukuliwa na jeraha lililoachwa wazi likauke. Seli za ngozi husafiri kwenye unyevu. Kigaga kikiwepo, hulazimika kupenya chini yake. Tangu hapo vifuniko vya kidonda vimekuwa vingi, na wingi huo ndio unaowakwamisha watu.

Makala haya yanalinganisha vinne vinavyotajwa zaidi pale matibabu ya vidonda yanapokutana na uhandisi wa tishu, yaani ufundi wa kuotesha upya sehemu za mwili. Shashi yenye vaselini itabaki pembeni kama kipimo, kwa kuwa ndiyo inayopatikana karibu kila mahali na haistahili kudharauliwa.

Yasiyotatuliwa na kifuniko chochote

Kabla ya kulinganisha, ni lazima isemwe wazi kwamba kifuniko hakiponyi kinachosababisha kidonda. Uganda ina mfano wake yenyewe: ugonjwa wa Buruli, uliopata jina kutoka eneo la Buruli karibu na Ziwa Kyoga, huleta kidonda kisichouma sana ambacho kingo zake zimechimbika kwa chini. Huo husababishwa na bakteria wa jamii moja na wa kifua kikuu, na hutibiwa kwa rifampisini na klarithromisini kwa wiki 8. Ukiupaka jeli nzuri kuliko zote duniani bila dawa hizo, kidonda kitaendelea kula nyama.

Vivyo hivyo, mguu wa mgonjwa wa kisukari hauponi ikiwa mtu anaukanyagia kila siku pale pale penye kidonda, au ikiwa damu haiufikii. Mguu ulioungua zamani ukaacha kovu, kisha kovu likafumuka na kuwa kidonda chenye kingo zilizoinuka kisichopona kwa miezi, unahitaji kukatwa kipande kidogo kikapimwe saratani. Ninayasisitiza haya kwa sababu fedha nyingi za familia hupotea hapa: watu hununua kifuniko cha bei kubwa wakati kilichokosekana ni kugusa mshipa wa mguu na kuangalia kama unapiga.

Vinavyolinganishwa

Haidrojeli ni wavu wa minyororo ya polima (molekuli ndefu) iliyofungamana, nao hushika maji mengi bila kuyeyuka. Katika jeli za vidonda, maji mara nyingi huwa kati ya asilimia 70 na 90, na zaidi ya hapo katika baadhi. Wanakemia Otto Wichterle na Drahoslav Lím walizitangaza haidrojeli za matumizi ya mwilini mwaka 1960 huko Prague, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyozaa lenzi laini za macho. Kwa vidonda hupatikana kwa namna mbili: jeli ya kukamuliwa kwenye tyubu, na karatasi laini ya kubandika.

Aljinati hutengenezwa kwa mwani wa kahawia. Huja ikiwa mkeka au kamba ya nyuzi kavu, nyepesi kama pamba, zenye kalsiamu ndani. Zinapogusana na majimaji ya kidonda, kalsiamu hubadilishana nafasi na sodiamu iliyomo katika majimaji hayo, na nyuzi hulainika zikawa jeli. Kwa maana hiyo aljinati nayo ni haidrojeli, isipokuwa yenyewe hutengenezwa ndani ya kidonda: ya kwanza huja na maji yake, ya pili huyachota kwa mgonjwa. Anayeielewa tofauti hiyo ameshapiga hatua kubwa ya kuchagua.

Kiunzi cha kolajeni, protini ya nyuzi inayoipa ngozi uimara, ni kitu kingine kabisa. Hakikusudiwi kufunika tu bali kuelekeza tishu mpya iote kwa mpangilio, mfano wa fito za nyumba ya udongo zinazosimamishwa kwanza ili udongo upate pa kushika. Kinachojulikana zaidi kilibuniwa Boston na John Burke, daktari wa upasuaji, pamoja na Ioannis Yannas, mhandisi, ambao walichapisha matokeo yao kwa wagonjwa walioungua mwaka 1981. Marekani ilikiidhinisha mwaka 1996. Kina tabaka la chini la kolajeni ya ng'ombe iliyochanganywa na sukari ya minyororo mirefu itokanayo na gegedu la papa, lenye vitundu vya makumi ya mikromita (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) ambamo seli na mishipa midogo ya damu huingia, na juu yake tabaka jembamba la silikoni linalozuia maji kupotea.

Ngozi ya samaki ina njia mbili zisizofaa kuchanganywa. Iceland hutumia ngozi ya chewa wa bahari baridi (cod), iliyoondolewa seli zote ikabaki nyuzi zenye vitundu, ambayo kidonda huinyonya polepole. Brazil, watafiti wa Fortaleza wametumia ngozi ya tilapia wa Mto Nile iliyosafishwa, ikahifadhiwa kwa gliserini na kupigwa mionzi, ikibandikwa juu ya majeraha ya moto hadi ngozi mpya iote chini yake. Tilapia huyo ndiye huyu tunayemla, engege wa Kampala na sato wa upande wa Mwanza. Hata hivyo ngozi mbichi kutoka soko la Ggaba si dawa. Imebeba bakteria, na kumbandika mtu aliyeungua ngozi hiyo ni kumtia hatarini.

Maji ya kidonda

Hiki ndicho kigezo cha kwanza, na kwa maoni yangu kina uzito kuliko vingine vyote vikiwekwa pamoja. Ondoa kifuniko cha jana na ukitazame kabla ya kukitupa. Kama kimekauka na kunata, kidonda kinahitaji kupewa maji. Kama kimelowa hadi nje, kinahitaji kupunguziwa.

Haidrojeli hutoa maji. Inafaa kidonda kikavu, chenye utando wa manjano au nyama nyeusi iliyokufa, kwa sababu hulainisha nyama hiyo hadi mwili uiachie wenyewe bila kisu. Ubaridi wake pia hupunguza maumivu, jambo ambalo mtoto aliyeungua atalithamini kuliko maelezo yoyote. Lakini ukiiweka kwenye kidonda kinachotiririka, ngozi ya pembeni hulowa, huwa nyeupe na kuchubuka, na kidonda hupanuka badala ya kupungua. Kuna hatari nyingine inayosahaulika: kidole cha mguu kilichokauka na kuwa cheusi kwa kukosa damu hakipaswi kulainishwa kabisa. Kikiwa kikavu kimetulia. Kikilowa, bakteria huingia na mtu anaweza kupoteza mguu mzima. Huyo apelekwe hospitali akiwa amefungwa kitambaa kikavu na safi.

Aljinati hunyonya maji, mara 15 hadi 20 ya uzito wake. Inafaa kidonda cha mguu kinacholowesha soksi, kidonda chenye kina cha mgongoni cha mtu aliyelala muda mrefu, au jeraha linalovuja damu kidogo kidogo, kwa kuwa kalsiamu inayoachiwa husaidia damu kuganda. Kwenye kidonda kikavu hugeuka adui: nyuzi hunata, na kuzing'oa ni kung'oa pia nyama changa.

Kiunzi cha kolajeni hakitoi wala hakinyonyi kwa kiasi cha kutegemewa, na majimaji au damu ikikusanyika chini yake hakishiki. Ngozi ya samaki huvumilia unyevu wa wastani. Ile ya tilapia juu ya jeraha la moto la juujuu hunata vizuri pale tu jeraha linapokuwa safi na halitiririki.

Kina, au kile kilichopotea

Ngozi ikiwa imepoteza tabaka la juu tu, mwili una mbegu zilizobaki katika vishina vya vinyweleo, na kazi ya kifuniko ni kutoharibu. Hapa haidrojeli ya karatasi, ngozi ya tilapia na hata shashi ya vaselini zinashindana kwa karibu.

Mambo hubadilika tabaka la ndani la ngozi linapoteketea lote. Kidonda cha namna hiyo mwili hukiziba kwa kukivuta, na mvuto huo juu ya kiwiko, shingo au nyuma ya goti la mtoto huacha kiungo kilichojikunja. Haidrojeli na aljinati hazina uwezo wa kuzuia hilo; huweza kukitunza kidonda kikiwa safi hadi upasuaji, basi. Kiunzi cha kolajeni kiliundwa hasa kwa ajili ya tatizo hili. Baada ya wiki mbili hadi tatu au zaidi kidogo, mishipa ya damu ikiwa imeingia, silikoni huvuliwa na kipande chembamba sana cha ngozi ya mgonjwa mwenyewe hupandikizwa juu. Kwa kuwa kipande hicho ni chembamba, mahali kilipotolewa hupona upesi na panaweza kutolewa tena. Kiunzi kinaweza pia kushika juu ya sehemu ambazo upandikizaji wa kawaida hukataa, kama kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) iliyobaki wazi. Ngozi ya chewa hufanya sehemu ya kazi hiyo katika vidonda vidogo, mathalani kidonda chenye kina cha unyayo wa mwenye kisukari, lakini si mbadala wa kiunzi kwenye mgongo mzima ulioungua.

Wapo wanaouliza kuhusu ngozi hai inayotengenezwa maabara. Ipo: tangu 1998 Marekani imeidhinisha moja yenye jeli ya kolajeni ya ng'ombe na seli hai za binadamu, kwa vidonda vya miguu vitokanavyo na mishipa ya vena, ile inayorudisha damu moyoni. Hiyo hukaa siku chache tu kwenye kifungashio chake na hutaka joto lisilobadilika, na kwa msomaji wa Gulu au Moroto sioni sababu ya kuiingiza katika uchaguzi wa leo.

Maambukizi

Hakuna hata kimoja kati ya vinne hivi kinachotosha kutibu kidonda chenye usaha, harufu kali, joto na wekundu unaosambaa. Haidrojeli na aljinati zinaweza kuendelea kutumika mgonjwa akipewa antibiotiki na nyama iliyokufa ikiondolewa, mradi kidonda kifunguliwe kila siku. Zipo pia aina zilizotiwa fedha au asali ya tiba. (Asali ya tiba ni ile iliyopigwa mionzi. Ya chupa kutoka Arua ni tamu na nzuri kwa chai, ila inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria.) Kiunzi cha kolajeni hakivumilii uchafu: bakteria wakiingia chini ya silikoni, kiunzi chote huharibika na gharama yote hupotea. Ngozi ya samaki nayo husubiri kidonda kisafishwe kwanza.

Mara ngapi, na kituo kiko umbali gani

Jeli ya tyubu hubadilishwa kila siku moja hadi tatu, na huhitaji kifuniko cha pili juu yake kwa sababu haijishiki. Karatasi ya haidrojeli huweza kukaa zaidi. Aljinati hubadilishwa inapolowa, pengine kila siku mwanzoni, kisha kila baada ya siku mbili au tatu maji yanapopungua. Mabaki yake ya jeli huoshwa kwa maji ya chumvi ya dripu, wala si dalili ya usaha, ingawa rangi yake huwatisha wengi. Ngozi ya chewa huongezwa takriban mara moja kwa wiki. Ya tilapia katika jeraha la juujuu huachwa mahali pake hadi ijibandue, na wagonjwa wengi husifu hilo kwa kuwa kila ufunguaji wa jeraha la moto ni mateso. Kiunzi cha kolajeni kinachunguzwa mara kwa mara na wataalamu, na kwa kawaida mgonjwa hubaki hospitalini au karibu nayo.

Kwa anayeishi kisiwani Kalangala, au ambaye kila safari ya kituoni ni fedha za boda boda zinazotoka kwenye chakula cha watoto, kigezo hiki kinaweza kuvipiku vingine. Kifuniko kinachotaka kubadilishwa kila siku, kikabadilishwa mara moja kwa wiki, hugeuka uchafu uliofungiwa.

Mikono na vifaa

Haidrojeli na aljinati zinaweza kuwekwa na muuguzi wa kituo cha ngazi ya II au III, na jamaa aliyefundishwa vizuri anaweza kuendelea nyumbani akiwa na maji safi, glavu na subira. Jambo moja la kuangalia ni kutosukuma kamba ya aljinati ndani ya tundu jembamba lisiloonekana mwisho wake, maana kipande kikibaki humo kitaleta taabu.

Ngozi ya samaki hutaka mikono iliyozoea kusafisha kidonda hadi chini. Kiunzi cha kolajeni kinataka chumba cha upasuaji mara mbili, dawa ya usingizi, kifaa cha kuparua ngozi, na timu ya upasuaji wa kurekebisha. Kwa Uganda hiyo ina maana ya mahali kama Hospitali ya Kirudu mjini Kampala, yenye kitengo cha majeraha ya moto, au hospitali ya CoRSU kule Kisubi.

Asili yake na imani ya mgonjwa

Kigezo hiki vitabu vingi hukiruka, ilhali hapa kwetu ni cha heshima ya msingi. Haidrojeli nyingi hutokana na selulosi ya mimea au polima za kiwandani, lakini baadhi zina jelatini, ambayo yaweza kuwa ya nguruwe au ng'ombe. Aljinati ni mwani mtupu, ingawa si ule mwekundu unaolimwa Zanzibar. Viunzi vingi hutoka kwa ng'ombe, vingine kwa utumbo wa nguruwe. Vifuniko vya kitosani, ambavyo sikuvijumuisha, hutoka kwenye maganda ya kamba na kaa.

Mwislamu, Msabato au Mhindu ana haki ya kuambiwa kabla, wala si baada ya upasuaji. Wanavyuoni wengi wa Kiislamu huruhusu panapokuwa na dharura na hakuna mbadala, ila uamuzi huo ni wa mgonjwa na familia yake. Uliza pia kama mtu hudhurika na samaki: kwa huyo ngozi ya chewa haifai.

Bei na upatikanaji

Kwa mpangilio wa jumla, shashi ya vaselini ndiyo nafuu, hufuatwa na jeli ya tyubu na aljinati, kisha kwa umbali mkubwa ngozi ya samaki na kiunzi cha kolajeni, ambavyo bei yake huhesabiwa kwa sentimita ya mraba. Lakini bei ya pakiti moja hudanganya. Hesabu pakiti zitakazotumika hadi kidonda kifunge, ongeza nauli na siku za kazi zilizopotea, halafu linganisha. Uliza kama duka litakuwa nacho tena mwezi ujao. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama kifungashio kilikaa kwenye joto kali, hasa kwa jeli, ambayo ikikauka kwenye kingo haifai tena.

Kwa hali yako

Kidonda kikavu chenye utando wa manjano, mguu una joto na mshipa unapiga: anza na haidrojeli ya tyubu, unene wa nusu sentimita hivi, juu yake shashi ya vaselini, na uilinde ngozi ya pembeni kwa mafuta mazito. Utando ukiisha na maji yakiongezeka, hamia aljinati. Kidonda kimoja huweza kupita vifuniko vitatu kabla ya kufunga, na kubadilisha njia si kushindwa.

Kidonda cha mguu kinacholowesha nguo, na mgonjwa hawezi kufika kila siku: aljinati yenye pedi nene juu yake, pamoja na bandeji ya kubana ikiwa tatizo ni vena na mtaalamu amethibitisha damu inafika vizuri.

Mtoto ameungua kwa uji au chai na malengelenge yamepasuka, lakini ngozi ni ya waridi na inauma: kwanza maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ndani ya saa tatu za mwanzo, kisha karatasi ya haidrojeli ikiwepo, au shashi ya vaselini ikikosekana. Akiwa ameungua usoni, mikononi, sehemu za siri au eneo kubwa, apelekwe hospitali bila kungoja, na asifunikwe kwa jeli baridi mwili mzima kwa kuwa watoto hupoteza joto haraka.

Ameungua hadi ngozi imekuwa nyeupe au ngumu kama ngozi ya ngoma, hasa kwenye kiungo: mjadala wa kiunzi ufanyike na madaktari wa upasuaji mapema, kabla kidonda hakijaanza kujikunja. Ikiwa bei haifikiki, upandikizaji wa kawaida unaofanywa kwa wakati ni bora kuliko kiunzi kinachosubiriwa kwa miezi.

Kidonda cha unyayo cha mwenye kisukari, kisafi, kisichokanyagiwa tena, lakini baada ya wiki nne hakijapungua hata nusu ya ukubwa wake: hapo ndipo ngozi ya samaki au kifuniko cha kolajeni huanza kustahili gharama yake, ikiwa damu inafika na mfupa haujaambukizwa. Kama mgonjwa hajapata kiatu au plasta ngumu ya kumzuia asikikanyagie kidonda, fedha zianzie huko.

Na pale ambapo hakuna kimojawapo dukani wala kituoni: shashi yenye vaselini juu ya kidonda kilichooshwa kwa maji ya chumvi ya dripu, ikibadilishwa kabla haijakauka na kunata, na picha ya kidonda ipigwe kwa simu kila wiki pamoja na rula pembeni, ili muuguzi atakayekipokea kidonda hicho ajue kinaelekea wapi.